Cheti Kimetolewa, Pampu Bado Imekufa



Wiki hii kuna picha imezunguka sana kwenye magrupu yetu. Binti wa mwaka wa nne, uhandisi wa elektroniki na mawasiliano, ameshika cheti kilichotiwa fremu. Pembeni yake mgeni rasmi anacheka, nyuma yao bango kubwa lenye neno UBUNIFU kwa herufi za dhahabu. Ametambuliwa kwa kifaa alichokitengeneza cha kufuatilia pampu za maji za vijijini kwa mbali, yaani mtu akiwa mjini anajua pampu ya kijiji fulani imetoa maji leo au haijatoa. Wengi mmempongeza, na mimi nimempongeza. Anastahili.

Lakini nimekaa naye saa mbili tukaongea, na nilichoondoka nacho ni kizito kuliko ile picha. Ameniomba nisitaje jina lake wala chuo chake. Bado ana mitihani ya mwisho, anatafuta sehemu ya kufanyia kazi, na anajua vizuri blogu hii ni ya nani. Hivi mnaona tulipofika? Mtu anatengeneza kitu cha kusaidia bibi yake apate maji, halafu anaogopa kutajwa na vijana wa upinzani kwa sababu anaweza kukosa kazi. Nimekubali ombi lake. Nitamwita Binti, inatosha.

Kwanza tuelewe alichofanya, maana wengi wetu tunashangilia tu bila kujua kitu chenyewe.

Pampu ya mkono, ile ya Afridev au Nira mnayoiona vijijini, ina mpini unaopanda na kushuka. Binti amechukua kihisi kidogo kinachopima mwendo, cha aina ileile iliyomo kwenye simu yako inayojua umeigeuza, akakiweka ndani ya mpini. Kila mpini unaposhuka kihisi kinahesabu. Kuna kompyuta ndogo ya ukubwa wa kibiriti inayokusanya hesabu hizo, betri, na moduli yenye laini ya simu. Mara moja kwa siku kifaa kinaamka, kinatuma meseji fupi yenye namba chache, kinalala tena ili kisimalize betri. Hakihitaji bando wala mnara wa 4G. Mtandao wa kawaida wa kutuma meseji unatosha, na huo upo hata kwenye vijiji vingi ambavyo ukitaka kufungua video utazunguka na simu juu ya kichuguu.

Sasa ukiwa na namba hizo unasoma mambo. Pampu iliyokuwa inapigwa mara elfu kadhaa kwa siku ikishuka ghafla hadi sifuri, ama imekufa ama kijiji kizima kimehama, na kijiji hakihami usiku mmoja. Mpini ukipigwa sana lakini kwa mapigo mafupi ya haraka, kuna uwezekano mpira wa ndani unaovuta maji umechakaa na akina mama wanahangaika kupata ndoo moja. Hapo unaweza kumtuma fundi kabla pampu haijafa kabisa. Mpira wenyewe ni spea ya bei ndogo. Ukiacha mpaka bomba la ndani liharibike, gharama inakuwa ya kuchangishana kijiji kizima.

Ametengeneza vinne. Hela ni ya bumu, na kidogo aliyopata kwa kutengeneza simu za wenzake hosteli. Amevifunga kijijini kwao, Singida, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji na kamati ya maji. Kimoja kiliibwa betri wiki ya kwanza, akajifunza kukificha ndani ya mpini badala ya kukining'iniza nje kwenye kopo. Mambo kama hayo hayafundishwi darasani.

Kuna wenzetu wataniuliza: sasa hilo nalo ni habari ya siasa? Ni habari ya siasa kuliko mnavyodhani. Twende kwenye namba.

Kati ya mwaka 2011 na 2013 Serikali, kupitia Wizara ya Maji na kwa msaada wa wafadhili, ilizunguka nchi nzima kuorodhesha vituo vya kuchotea maji. Kila kituo kilipigwa alama ya GPS, kikaandikwa aina ya pampu, nani alikijenga, nani anakisimamia, kinatoa maji au hakitoi. Ilikuwa kazi nzuri kweli, na hapo nawapa haki yao. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ikawekwa wazi. Ukiifungua utakuta vituo 59,400 ambavyo hali yake imeandikwa. Vinavyotoa maji: 32,259. Vinavyotoa lakini vinahitaji matengenezo: 4,317. Ambavyo havitoi kabisa: 22,824.

Soma tena hiyo ya mwisho. Vituo 22,824. Kila kimoja kilichimbwa, kilinunuliwa saruji, kilikatiwa utepe. Kila kimoja kiko kwenye ripoti fulani mahali fulani kama mradi uliokamilika. Karibu vinne kati ya kila kumi vilikuwa ni mawe na vyuma.

Halafu sikilizeni hii, maana ndiyo iliyonikaa kooni. Orodha hiyohiyo ilichukuliwa na tovuti moja ya Marekani inayoitwa DrivenData, ikafanywa shindano la kujifunzia: tabiri ni pampu ipi ya Tanzania inafanya kazi na ipi imekufa. Maelfu ya watu wameshiriki. Leo ukimkuta kijana wa Berlin au Bangalore anajifunza sayansi ya data, kuna uwezekano mkubwa amewahi kufanya zoezi la pampu zetu. Wanajua majina ya wilaya zetu. Wanajua Nira na Tanira. Wamejifunzia kazi kwenye ukame wetu na wameajiriwa. Siwalaumu hata kidogo, data iliwekwa wazi na wazi ndiyo inavyotakiwa kuwa. Ninachouliza ni kwa nini zoezi hilo halikuwa la vyuo vyetu, kwa nini halmashauri hazikuwa za kwanza kulifanyia kazi, na kwa nini orodha ambayo dunia nzima inaifanyia mazoezi bado ni ya zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Na hapo ndipo kifaa cha Binti kinapoingia. Orodha ni picha ya siku moja. Yule mkusanya data alipita Jumanne akakuta maji yanatoka, akaweka tiki, akapanda pikipiki yake akaondoka. Ijumaa pampu ikafa. Kwenye kompyuta inaendelea kutoa maji mpaka sensa nyingine ya visima, miaka kumi baadaye. Kihisi kinasema kila siku.

Wala jambo hili si la kubahatisha, limeshajaribiwa kwa majirani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vya namna hii kwenye pampu za mkono za Kyuso, Kitui, nchini Kenya. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilichukua wastani wa siku 27 kurudi kwenye kazi. Baada ya kufunga vihisi na kuweka timu ya mafundi wanaoitikia meseji, wastani ulishuka chini ya siku 3. Kutokana na kazi ile ikazaliwa kampuni ya matengenezo inayoitwa FundiFix, Kitui na Kwale. Jina la Kiswahili kabisa, na ajira za vijana wenye pikipiki na spana.

Rwanda nako walifanya jaribio zuri zaidi kwa mtu anayependa ushahidi. Waliweka vihisi kwenye pampu 181, wakazigawa kwenye makundi matatu. La kwanza liliachwa na utaratibu wa kawaida: pampu ikifa, watu wanalalamika mpaka asikie anayesikia. La pili fundi alikuwa anazunguka kwa ratiba. La tatu lilikuwa kama gari la wagonjwa: kihisi kikiita, fundi anatoka. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Kwenye utaratibu wa kawaida, muda wa kati mpaka pampu kutengenezwa ulikuwa kama siku 152. Wa ratiba, kama siku 57. Wa kihisi, kama siku 21. Na kwa wastani pampu za kundi la kihisi zilikuwa zinafanya kazi kwa karibu asilimia 91, wakati za utaratibu wa kawaida asilimia 68.

Siku 152 ni miezi mitano. Mtoto wa darasa la sita anayeamka saa kumi alfajiri kufuata maji bondeni, miezi mitano ni zaidi ya nusu ya mwaka wake wa shule.

Lakini msinielewe vibaya, sitaki tuanze kuimba kihisi kama wale wanaoimba kila kitu kinachowaka taa. Binti mwenyewe ndiye aliyenionya. Aliniambia, "Kaka, kifaa changu hakijawahi kutengeneza pampu hata moja. Kinapiga kelele tu." Angalia vizuri jaribio la Rwanda: kilicholeta siku 21 ni meseji pamoja na fundi, pikipiki, spea na mtu wa kulipa mafuta. Ondoa hao, utabaki na skrini nzuri ofisini inayoonesha nukta nyekundu zikiongezeka.

Kuna na lingine. Kwenye ile orodha yetu, vituo 6,246 vimeandikwa kuwa vikavu. Maji hayapo chini. Hapo kihisi hakisaidii kitu, pale kulihitajika mtaalamu wa maji chini ya ardhi kabla hata ya kuchimba, na pengine mwanasiasa mmoja asiyelazimisha kisima kichimbwe karibu na nyumba ya balozi wake. Tatizo hilo linaanzia siku ya kuchagua eneo.

Na kuna hela. Vituo 25,348 vimeandikwa kwamba watumiaji hawalipi chochote. Katika hivyo, chini ya nusu ndivyo vilikuwa vinatoa maji vizuri. Vile ambavyo watu wanalipa kwa mwaka, karibu vitatu kati ya vinne vilikuwa vizima. Najua hapa baadhi yenu mtakunja sura, kwa sababu kwenye majukwaa tumezoea kusema maji ni haki, yawe bure. Ni haki, sawa. Ila spea hazigawiwi bure dukani na fundi ana watoto. Ama kijiji kinachangia kwa uwazi, ama Serikali inaweka fungu la matengenezo linalofika kweli, ama vyote viwili. Mgombea wetu akisimama akaahidi maji bure bila kusema nani ananunua ule mpira wa ndani, na yeye tumuulize. Tusiwe na mizani miwili.

Ila tusijifanye hatujui kwa nini pampu zinakufa na hakuna anayesema. Nchi hii inapima maji kwa asilimia. Ilani ya chama tawala ya 2020 iliahidi maji vijijini yafike asilimia 85 ifikapo 2025. Sawa, lengo zuri. Lakini asilimia inatokana na nini? Sera ya Maji ya 2002 inasema kituo kimoja kihudumie watu 250, mtu asitembee zaidi ya mita 400, apate lita 25 kwa siku. Kwa hiyo ukijenga kituo, kwenye hesabu unaongeza watu 250. Kalamu inaandika. Mwenge unakuja, unazindua, picha zinapigwa, watoto wanaimba. Pampu ikifa mwezi wa tatu, wale watu 250 nani anawaondoa kwenye hesabu? Nani anataka kuwaondoa? Meneja anayepimwa kwa asilimia kupanda? Mkuu wa wilaya anayetaka kubaki?

Kihisi kinawaondoa siku hiyohiyo. Hakina mkubwa wa kumwogopa, na mwenge ukipita kinahesabu mapigo ya mpini tu. Mimi naamini kabisa hiyo ndiyo sababu cheti kilitoka haraka na oda haikutoka.

Kumbukeni na hili, hasa ninyi mlioingia chama juzi. Septemba 2018 Bunge letu lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa ni kosa kutangaza takwimu zinazopinga za Serikali, adhabu ikiwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kelele zilipigwa ndani na nje, Benki ya Dunia nayo ikasema ina wasiwasi, na Juni 2019 vifungu hivyo vikarekebishwa. Leo si kosa tena. Lakini fikiria Binti angekuwa mwaka wa nne 2018, anasimama na meseji zake anasema kwenye kijiji hiki pampu tatu kati ya nne zimekufa, wakati kitabu cha wilaya kinasema zote nzima. Sheria imebadilika, woga umebaki kwenye mifupa ya watu. Ndiyo maana mpaka leo anaomba nisimtaje.

Baada ya cheti, Binti alikwenda kwenye ofisi moja ya Serikali inayohusika na huduma hii, siitaji. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akapewa na maji ya chupa (ndiyo, ya chupa, kwenye ofisi ya maji). Akaambiwa wazo ni zuri mno na aandike andiko. Akaandika. Akaambiwa apeleke kwa mkuu mwingine. Akapeleka. Kisha likaja swali: kampuni yako imesajiliwa lini, una uzoefu wa miaka mingapi, una hesabu zilizokaguliwa? Ana miaka 23. Uzoefu wa miaka mingapi ataupata wapi, kwenye ndoto?

Na kinachouma ni kwamba sheria haimkatazi. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na vijana wamo. Kwenye karatasi nchi hii inawapenda vijana mpaka unalia. Lakini zabuni zikitangazwa, vijana wanapata za kufyeka majani na kusafisha ofisi. Kazi yenye akili inasubiri mfadhili aje na mkandarasi wake na vifaa vyake.

Wafadhili nao tumeshaona mwisho wake. Kaskazini mwa Kenya visima virefu vilifungwa vihisi vinavyotuma taarifa kwa satelaiti na simu, kwa fedha ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka USAID. Kazi nzuri, iliwasaidia wafugaji wakati wa ukame. Mwaka 2025 Washington ikaamua kulifunga shirika hilo, Julai likawa limekwisha. Uamuzi wa watu ambao hawajawahi kuona kisima cha Turkana. Kifaa kinachotengenezwa na mwanafunzi wetu kwa bumu lake kina faida moja kubwa: mwenye kujua kukifungua na kukifunga yuko hapahapa, anaongea Kinyaturu na wazee wa kamati, na spea zake zinapatikana Kariakoo.

Kuna kikwazo kimoja kidogo ambacho huwezi kukijua mpaka umefanya hii kazi. Laini ya simu hapa kwetu inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Pampu haina vidole. Laini nne zile zimesajiliwa kwa majina ya ndugu zake: moja yake, moja ya kaka, mbili za mama na shangazi. Akitaka kufunga pampu 200 atatafuta shangazi 200? Anahitaji taasisi isimame mbele yake, na taasisi hiyo kwa sheria ya maji ya 2019 ipo: RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vile vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Muundo upo, wenye dhamana wapo. Kinachokosekana ni mtu mwenye saini kusema ndiyo, tuanze na kata moja.

Nasema kata moja makusudi. Sitaki tuwe watu wa kudai mambo makubwa yasiyopimika. Kata moja yenye pampu za mkono ishirini au thelathini, mafundi wawili waliofundishwa, pikipiki moja, kisanduku cha spea, na ukurasa wa wazi ambao mwananchi yeyote anaona pampu ipi imekufa tangu lini. Hilo la wazi ndilo nalishikilia kuliko yote. Kihisi kinachotuma taarifa kwa bosi peke yake kitakuwa siri nyingine ya ofisini. Kikituma na kwa diwani, kwa mwenyekiti wa kijiji, na ubaoni pale ofisi ya kata, hapo siku 27 zitakuwa aibu ya mtu mwenye jina na cheo.

Mtaniambia hela hakuna. Mkitaka kujua gharama ya kutofuatilia miundombinu waulizeni Waitaliano. Agosti 14, 2018 daraja la Morandi pale Genova lilianguka na magari yakiwa juu, wakafa watu 43. Mwaka mmoja kabla, wataalamu wa chuo cha ufundi cha Milano walikuwa wameshaeleza mashaka yao juu ya nyaya za daraja lile na kushauri lifuatiliwe kwa vihisi vya kudumu. Italia, nchi tajiri, yenye wahandisi kila kona. Karatasi ilikuwepo, vihisi havikuwepo. Pampu ikifa Singida haianguki na watu 43 kwa mara moja, ndiyo maana haiingii kwenye habari. Inaua polepole: kuhara, mimba iliyobebeshwa ndoo ya lita 20 kilomita tatu, binti aliyeacha shule.

Sasa kazi yetu. Najua wengine mmeshaanza kuandika kwenye komenti "hii nchi bana" na kuishia hapo. Hapana. Likizo inakuja, wengi mnarudi makwenu. Kila mmoja aende kwenye vituo vya maji vya kijiji chake au mtaa wake. Andika mambo manne tu: kinatoa au hakitoi, kimeacha lini, aliambiwa nani, na kimejengwa kwa mradi gani. Piga picha ya kituo, usipige picha za watu bila ruhusa yao. Usiweke chumvi. Kama kinatoa maji vizuri, andika kinatoa vizuri. Tukikamatwa na uongo hata mmoja, kazi yote imekwenda na maji, na wale chawa wa mitandaoni watakula nayo mwaka mzima.

Kisha nenda kwenye mkutano wa kijiji. Ni haki yako kisheria kuwepo na kuuliza. Muulize mwenyekiti: kamati ya maji ina shilingi ngapi, na fungu la matengenezo la wilaya kwa mwaka huu ni kiasi gani. Maswali hayo mawili yakipelekwa na diwani kwenye baraza la madiwani yanaingia kwenye muhtasari, na yakishaingia hayafutiki kirahisi. Pale tulipo na madiwani wetu hakuna kisingizio. Nimewahi kukaa kwenye baraza nikaona diwani wa kwetu anaongea nusu saa kuhusu itifaki ya viti na hagusi maji. Tutamfuata na yeye.

Kwa wale wa vyuo vya ufundi na uhandisi: Binti yuko tayari kutoa michoro ya saketi na programu yake bure kwa yeyote atakayefunga kifaa kijijini kwao na kukihudumia kwa mwaka mzima. Sharti lake ni hilo la mwaka mzima, maana anasema amechoka na miradi ya maonesho inayokaa mezani siku tatu. Anayetaka apitie kwa katibu wa vijana wa mkoa wake, jina la Binti halitatajwa na namba yake haitatolewa.

Fomu ya yale mambo manne iko kwa makatibu wa vijana wa kata. Asiyemjua katibu wake aulize kwenye grupu la jimbo, na zirudi kabla vyuo havijafunguliwa.